Neno Moja la Mfiwa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kusema na sungura kujibu, ni zamani ya juzi tu, mabati yalikuwapo na redio zilikuwapo, palikuwa na nchi iliyotawaliwa na Mtemi mwenye huruma nyingi makaburini. Kaeni vizuri. Hadithi hii nimeisimulia hata sauti imenikauka, na sijawahi kuondoka nayo ikiwa imeisha, kwa hiyo msinitazame kama mtu aliyewaletea zawadi.

Mtemi yule ukimfuata kwake humpati. Unapiga hodi langoni na shida yako, askari anakuambia: kesho. Unakuja hiyo kesho, anakuambia: kesho. Lakini afe mtu, hata awe mnyonge wa kijiji cha mwisho, Mtemi atakuja. Gari lake litafika kabla ya jeneza. Atavua kofia, atakaa na wazee, atalia. Na analia kweli, simsingizii.

Tena palikuwa na mila. Kabla kaburi halijafukiwa likaisha, Mtemi husimama na jembe mkononi, akamwambia mfiwa, "Sema neno." Mfiwa husema neno moja, ombi moja tu, na ombi hilo halikataliwi. Mfiwa hanyimwi, ndivyo walivyosema tangu babu zao. Basi watu wakaomba mchele, wakaomba ng'ombe, wakaomba mabati, maana aliyefiwa jana anaomba cha kula leo. Ikawa nchi ya watu wanaougua vibaya na kuzikwa vizuri.

Katika nchi hiyo ulikuwapo ugonjwa wa watoto. Unaanza kama jino. Jino linalegea, shavu linavimba, nyumbani wanasema ni jino bovu, ling'olewe. Linang'olewa. Shavu linazidi. Linang'olewa la pili. Mpaka aje mtu wa kusema kwamba hii ni saratani, taya limekwishajaa na jicho limeanza kusukumwa. Na hata akisema, kuna watakaomcheka: saratani ni ya wazee, mtoto aipate wapi?

Alikuwapo mama mmoja, jina lake Nkwimba. Mumewe alikwenda migodini akasahau njia ya kurudi. Akabaki na binti yake Kabula, na wadogo wawili wa Kabula, na mama mkwe wake, Bibi Holo. Kabula alikuwa darasa la pili, hodari wa kuruka kamba, mwenye mdomo. Shavu lake lilipovimba, Bibi Holo ndiye aliyempeleka kwa mng'oa meno. Lilipozidi, Bibi Holo ndiye aliyelifunga kwa kipande cha kanga akasema tuchume pamba kwanza, pamba haimsubiri mtu. Ni kweli pamba haisubiri. Uvimbe nao haukuisubiri pamba.

Walipofika mjini, kwenye wodi ya watoto, walimkuta Daktari Shigela. Huyu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa amepata kazi nzuri nchi za mbali akaiacha, akarudi kwa ajili ya wodi ile. Alimweleza Nkwimba bila kumficha.

"Mama Kabula, dawa ninayo, na inaponya. Lakini ilipimwa kwa watoto wa nchi nyingine, watoto walioshiba, wasiougua malaria kila masika. Kipimo cha watoto wetu hakuna aliyekitafuta. Mimi nakisia. Nikipunguza, uvimbe unarudi. Nikizidisha, moyo unachoka, masikio yanaziba. Nimekwenda kwa Mtemi kumwomba nyumba ya utafiti, tujue ugonjwa huu unatoka wapi na dawa yake ni kiasi gani kwa mtoto wa hapa."

"Akasemaje?"

"Askari alisema kesho."

Kabula akaanza dawa. Nywele zikapukutika, midomo ikachubuka, uji ukawa haupiti. Nkwimba akachoka. Akafunga nguo zake katika fundo, akasema afadhali mtoto akafie kwenye ua wao, asikie kuku wao, kuliko kuteseka huku ugenini.

Hapo ndipo alipoingia Milembe. Huyu alikuwa msichana mkubwa, taya lake limekaa upande, na mtu akisema naye humgeuzia sikio la kushoto kwa sababu la kulia halisikii. Aliugua ugonjwa uleule alipokuwa mtoto, akapona palepale, mikononi mwa Daktari Shigela. Sasa alikuja wodini kila siku kuwachezea watoto, bila ujira, bila kuitwa. Alimkuta Nkwimba na fundo lake mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Nimeshindwa."

"Mama yangu naye alifunga fundo. Kama angetoka, mimi leo ningekuwa kichuguu makaburini. Nitazame. Nilipona. Kabula naye atapona."

Nkwimba akamtazama, akafungua fundo. Akarudi kijijini siku moja tu, akauza shamba la pamba ili wakae mjini dawa iishe. Bibi Holo alilia siku ile kuliko alivyolia mwanawe alipopotelea migodini.

Na uvimbe ukashuka! Kabula akarudi kuruka kamba kwenye ujia wa wodi, akagombezwa na wauguzi, akaendelea kuruka. Watu wakasema Mungu mkubwa. Kisha, kabla furaha haijazoeleka, uvimbe ukarudi, safari hii kwa nguvu. Daktari alikuwa amekisia pungufu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa pana aibu. Siku moja adhuhuri Nkwimba amekaa kitandani anamfuta mtoto mdomo kwa kitambaa, Daktari Shigela akaja akasimama, akashika chuma cha kitanda.

"Mama Kabula, nitasema jambo baya, unisamehe. Mtoto huyu simwezi tena. Mtemi atakuja mazikoni. Utakapoambiwa useme neno, omba nyumba ya utafiti. Ukiomba wewe hatakataa. Mimi nimeomba mpaka nimezeeka."

Nkwimba hakuacha kufuta. Akasema, "Daktari, mtoto anasikia."

Na kweli alikuwa anasikia. Daktari akaondoka ameinamisha kichwa. Kabula akafungua jicho moja, lile lililobaki likifunguka.

"Mama."

"Sema, mama."

"Anayekufa ni mimi?"

Nkwimba akakikunja kile kitambaa.

"Kama ni mimi, hilo neno si langu?"

"Ni lako," Nkwimba akasema. Alikuwa amemdanganya mtoto yule kwa mambo mengi, na siku ile nguvu za kudanganya zilikuwa zimemwishia.

Mtoto akafikiri. Dirisha la wodi lilitazama barabara kuu, na gari la Mtemi lilikuwa likipita pale kwenda mazikoni, likirudi kutoka mazikoni. Watoto walizoea kulipungia mikono. Halikuwahi kusimama.

"Basi mwambie aje kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla. Mtu akishakufa, Mtemi hamwoni."

Hilo ndilo neno la Kabula, na hakulisikia mtu mwingine ila mama yake. Hakuruka kamba tena. Alikufa wakati wa kuchuma pamba, katika nchi yenye pamba nyingi, na mama yake hakuwa na hata mche mmoja.

Wakamrudisha kijijini. Turubai likafungwa, masufuria yakainjikwa, na gari la Mtemi likafika kabla ya jeneza, kama kawaida. Mtemi akavua kofia, akaketi kivulini na wazee, akaanza kulia. Nkwimba alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake. Daktari Shigela akaja. Milembe akaja. Bibi Holo alikuwapo tangu asubuhi. Wakamzunguka mfiwa, maneno yakaanza.

Daktari akasema, "Mama Kabula, neno ni la nyumba ya utafiti. Wodini nimeacha watoto wanaovimba mashavu kama lake. Leo jioni nitawapimia dawa kwa kukisia, kama nilivyomkisia yeye. Najua nilikuomba wakati mbaya. Nimezika watoto wengi, mama, nikangoja wakati mzuri wa kuomba, haukuja. Aliyebuni ombi hili ni mimi, aliyeligongea lango miaka yote ni mimi. Bila mimi hata usingejua kwamba kuna cha kuomba."

Milembe akageuza sikio lake la kushoto mpaka alipomaliza. Naye akasema, "Daktari aliniponya, namshukuru mbele yenu. Lakini na mimi alinikisia. Ugonjwa uliniacha, dawa hazikuniacha. Nikipanda kilima moyo unagonga kama mchi kwenye kinu. Niliomba kufundisha watoto wa chekechea, wakasema hatutaki mgonjwa. Nilichumbiwa, wakwe wakauliza kama tumbo langu halikuungua na dawa, na hakuna mtu wa kuwajibu, kwa sababu tukishapona hakuna anayetupima. Tunaambiwa mshukuru Mungu, mwende nyumbani. Mama, omba nyumba ya waliopona. Mnawapigania watoto wapone, halafu wapone waende wapi? Na wewe wajua, bila mimi Kabula asingeruka kamba ule mwezi aliouruka."

"Bila wewe!" Bibi Holo akasema. "Bila wewe tungekuwa na shamba! Ulimwambia atapona. Yuko wapi aliyepona?"

Milembe alilia, na taya lake lilivyo, hata kulia kulimjia upande.

Bibi Holo akamshika Nkwimba mkono. "Mkwe wangu, mimi sina elimu. Najua mnasema nilimfunga mtoto kanga nikangoja pamba. Nalala na jambo hilo, naamka nalo. Lakini watazame wale wawili." Wadogo zake Kabula walikuwa wamechuchumaa kando ya sufuria, wakingoja ukoko. "Kaburi ni moja, matumbo ni mawili. Mila hii waliiweka wazee kwa ajili ya nyumba iliyofiwa. Hawakuiweka kwa ajili ya wodi. Omba shamba lako. Shamba liliuzwa kwa ajili ya Kabula, basi lirudi kwa Kabula. Daktari ana kazi. Binti huyu ana uhai. Sisi tuna nini?"

Alichosema Bibi Holo kilikuwa kweli. Alichosema Milembe kilikuwa kweli. Alichosema Daktari kilikuwa kweli. Hilo ndilo linalonichosha katika hadithi hii: haina mwongo hata mmoja wa kumfukuza.

Milembe akajifuta uso akasema, "Angalieni tulivyo. Tunagombania neno moja kama kuku na punje, na mwenye ghala amekaa kivulini anapepewa."

"Nyamaza, binti," Bibi Holo akasema. "Mtemi naye ana msiba."

Kisha Nkwimba akasema, taratibu, "Nyote mmesema. Kabula naye alisema." Akawaeleza maneno ya kitandani: mwambie aje kabla.

Daktari akasema, "Mama, hilo ni neno la mtoto. Mtemi atakuja wodini, atalia, ataondoka. Machozi hayajengi nyumba."

Milembe akasema, "Atakuja mara moja, apigwe picha."

Bibi Holo akasema, "Na watoto watakula ujio wake?"

"Huenda," Nkwimba akasema. "Na huenda akimwona mtoto aliye hai akakosa pa kukimbilia. Sijui. Ninachojua ni kwamba Kabula aliniuliza kama neno ni lake, nikamwambia ni lake."

Wakaitwa kaburini. Jeneza likateremshwa, jeneza zuri, la kulipiwa na Mtemi, limepigwa vanishi likang'aa. Udongo ukaingia, ukaingia, mpaka shimo likawa linakaribia kuisha. Mtemi akasimama, jembe mkononi, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola.

"Mfiwa, sema neno."

Nkwimba akamtazama Daktari, ambaye macho yake yalikuwa yakitazama saa, kwa sababu wodini kulikuwa na dripu za kubadilishwa. Akamtazama Milembe, aliyekuwa amegeuza sikio la kushoto ili asikose. Akawatazama wale wawili, mmoja bado anatafuna ukoko. Akautazama udongo. Akafungua kinywa.

Naishia hapo, na msininung'unikie. Niliwasimulia wenye watoto wachanga wakasema shamba, na ni haki yao. Niliwasimulia wauguzi wakasema utafiti. Niliwasimulia vijana waliopona, mmoja akauliza kwa nini neno liwe moja, nikamwambia mila ile si yangu, ni ya Mtemi. Wengine wakasema neno la mtoto lisivunjwe. Wakabishana mpaka wakatawanyika, na mimi nikabaki na mama yule mikononi.

Maana kila nikiisimulia, namwacha amesimama juani, kinywa wazi, kaburi halijafukiwa. Na huku tukibishana, langoni yupo mtu anaambiwa kesho, na wodini lipo shavu la mtoto linavimba. Nimechoka kumsimamisha. Semeni nyinyi, ili akae.

Daktari aliyeliomba kwa miaka, Milembe aliyebeba makovu yake, wadogo waliobaki na njaa, au Kabula aliyelilipia kwa kufa: je, neno lile moja lilikuwa la nani?