Ndama wa Semboja na Spika Mbili za Kwembago

Mwenye redio aizime, na mwenye usingizi akaulalie mbali. Hii ninayoisimulia haina mwenziwe kuanzia Muheza mpaka Korogwe, na anayebisha aje na yake tupime.

Pale Kwembago, ubavuni mwa shamba kubwa la mkonge, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Kilua seremala alikuwa na jicho la kuchagua. Ukimtuma dukani kununua bawaba, atashinda huko mpaka mwenye duka atamani kufunga, lakini bawaba atakayorudi nayo utawarithisha wajukuu.

Mwanamkasi, mjane aliyeziba masufuria yaliyotoboka kwa risasi ya kuyeyusha, alikuwa na mkono. Sufuria aliloziba lingeweza kutoboka kwingine kote, lakini si pale alipogusa yeye.

Na Mzee Mbaruku, fundi umeme mstaafu wa mashine za mkonge, kipaji chake kilikuwa kutoamini. Hakuamini mizani ya sokoni, hakuamini saa ya ukutani, na akiambiwa chai ina sukari, alikoroga kwanza, akaonja, akakoroga tena.

Watatu hao walikuwa wakiunda spika mbili, kila moja kimo cha kabati, kwa ajili ya arusi ya binti wa Bwana Semboja. Maboksi ya Kilua, waya za Mwanamkasi, lawama za Mbaruku. Kila spika ilitoa mkia wa waya, na mwisho wa mkia ilitakiwa plagi.

Hapo wakavutana. Mwanamkasi alikuja na plagi mbili za kawaida, za pasi.

"Hizi hapa, tumalize kazi," alisema.

Kilua akazirudisha kikapuni. "Dada, ukiweka plagi hiyo kwenye waya wa spika, yuko mtu ataichomeka kwenye umeme. Spika italia mara moja tu, na hiyo ni ya kuaga."

"Mjinga gani huyo?"

"Jina lake silijui. Ila yupo."

Akapanda baiskeli mpaka Tanga, na jioni akarudi na plagi za mviringo, zile za kuingiza na kuzungusha mpaka zijifunge. Kwenye soketi ya umeme haziingii hata uzibembeleze. Mwanamkasi alicheka, lakini akazifunga, kwa desturi yake ya masufuria. Kwake yeye kazi ya risasi ni kuziba, si kubeba. Kwa hiyo waya ulipita kwanza kwenye tundu, ukasokotwa, ukajishika wenyewe; aliuvuta kwa nguvu zote, na ulipokataa kutoka, ndipo akayeyusha risasi juu yake. Kila waya wa chanya akauvisha uzi mwekundu.

"Tutaona," alisema Mzee Mbaruku, ambaye kwake hiyo ilikuwa ni sifa kubwa.

Jumatano mchana, kabla spika hazijajaribiwa wala kufunikwa kitambaa, Semboja akatokea mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Mama hayupo! Ametoka baada ya chakula, nyayo zake zinaingia kwenye mkonge!"

Shamba la mkonge si mahali pa kupotelea. Mistari yote inafanana, miiba iko usawa wa macho, na Bi Mwanaidi, mamake Semboja, alikuwa na miaka zaidi ya themanini. Watu walimwita mpaka sauti zikakauka. Kazi bure: masikio yake yalikwisha kuagana na sauti za watu. Kilichobaki kumfikia ni ngoma kubwa tu, ambayo mwenyewe alisema haisikii, bali inamgonga kifuani.

"Basi tumpigie ngoma," alisema Mwanamkasi. "Spika si hizi?"

Semboja akashika kichwa. "Atakayemrudisha mama yangu, wallahi, ndama wangu jike ni wake! Namkabidhi mtu mmoja, mkononi, mbele yenu!"

Ndama yule Mwanamkasi alimfahamu vizuri. Tangu ng'ombe wake alipokufa kiangazi kilichopita, alikuwa akinywa chai ya rangi huku akimtazama juu ya ua.

Wakapakia spika kwenye guta la magurudumu matatu, na jenereta, na amplifaya, na redio yenye kanda ya ngoma. Wakakimbilia ukingo wa shamba. Penye mtaro guta likayumba, spika moja ikaruka, ikabingirika, ikatua kichwachomba. Boksi lilipasuka kona. Kilua alifumba macho. Wakachungulia ndani: hakuna waya hata mmoja uliokatika, hakuna ulioachia. Mkia wake ulikuwa umenasa kwenye guta, ukavutwa na uzito wa spika yote, kama mbuzi anayekataa kupanda gari, na bado ulishika.

Jenereta likawaka. Semboja, katika wazimu wa kumtafuta mama, akanyakua mkia wa spika na kuusukuma kwenye soketi ya jenereta. Akasukuma, akazungusha, akatukana. Haukuingia.

Kilua akamgeukia Mwanamkasi. "Dada, sasa jina lake unalijua."

Wakaunganisha panapostahili, kwenye amplifaya, wakafungulia kanda ya ngoma. Sauti ikatoka, kubwa, lakini ya ajabu: waimbaji unawasikia, makofi unayasikia, ngoma yenyewe imenyauka kama mtu anagonga boksi la sabuni. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Mkonge haukujibu.

"Ongeza sauti!" Semboja alilia.

"Usiongeze," alisema Mzee Mbaruku. "Zima."

Akalegeza skrubu za amplifaya zinazoshika nyaya za kwenda kwenye spika, akatoa mfukoni betri ya tochi, akaigusisha kwenye nyaya za spika ya kwanza. Karatasi ya spika ikasukumwa nje. Akaigusisha kwenye za spika ya pili vilevile. Ikavutwa ndani.

"Moja inasukuma, mwenzake anavuta. Ngoma inafia katikati."

"Mimi nimefuata alama!" Mwanamkasi aling'aka. "Uzi mwekundu kwenye chanya, zote mbili!"

"Uzi wako hauna kosa, binti yangu. Aliyepaka alama huko kiwandani ndiye alikuwa na haraka ya kwenda kula. Wewe ulimwamini. Mimi simjui."

Akageuza nyaya mbili za spika ile, akakaza skrubu. Ngoma ilipofunguliwa tena, vumbi liliruka chini, na kuku wa nyumba ya jirani waliingia bandani bila kuambiwa.

Hazikupita dakika kumi. Katikati ya mistari ya mkonge kikatokea kitenge cha manjano, mabega yakicheza kabla miguu haijafika.

"Arusi mmeanza bila mimi?" Bi Mwanaidi alifoka. "Hamna adabu nyie!"

Semboja akamkumbatia mpaka bibi akamsukuma. Kisha akaenda kumleta ndama, akasimama na kamba. Na hapo urafiki wa wiki tatu ukaota pembe.

"Bila plagi zangu," Kilua alimwambia Semboja, "spika ingeungulia mkononi mwako."

"Bila mkono wangu," Mwanamkasi alimjibu Kilua, "ungekuwa na plagi nzuri na maboksi mawili bubu. Iliyoanguka mtaroni si baiskeli yako."

"Na bila betri yangu," alisema Mzee Mbaruku, "mngekuwa mnamwimbia kunguru."

"Wagawane maziwa," mtu alipendekeza.

"Nimeapa," Semboja alijibu. "Mtu mmoja."

Wakamwendea Bi Mwanaidi, wakampigia kelele sikioni: ni nani aliyekurudisha? Akafikiri. "Mpiga ngoma," alisema. "Mpeni yeye." Mpiga ngoma wa kanda ile ya redio alikuwa kaburini mwaka wa tisa.

Mwanamkasi akanyoosha mkono kwanza. Kilua wa pili. Mzee Mbaruku akanyoosha wake, huku akimkagua ndama meno.

Semboja bado amesimama, kamba mkononi, anawatazama watatu. Nami nimemwacha hapo makusudi, maana ninyi mmekaa mnanisikiliza bure tangu mwanzo. Haya, mwenye akili aitoe: kamba ile ungeiweka katika mkono wa nani, na hao wawili wengine ungewatazama usoni vipi?