Anwani ya Marehemu

Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yeyote aliyekabidhiwa watu.

Katika hospitali moja ya misheni, kwenye nyanda za juu za kusini, alikuwapo katibu aitwaye Asegelile Yohana Mwambungu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa desturi.

Mkuu wa duka la dawa, Bwana Andongwisye Mwaisaka, alipoanguka kazini na kufariki, katibu aliamuru chumba chake kifungwe kama alivyokiacha, na mtu asiguse kitu humo mpaka matanga yaanuliwe. Nafasi yake akampa Tusekile Mwakalinga, pamoja na chumba kingine na kompyuta mpya. Na kwa kuwa kwao mrithi hupewa jina la marehemu, katibu alitaka kompyuta hiyo nayo ipewe anwani ya ile ya zamani, yaani namba ambayo wodi zote huitumia kupeleka maagizo ya dawa.

"Jina lisipotee," alisema, na watu wakaona amenena vyema.

Haukupita muda, wodi zikaanza kulalamika. Maagizo mengine yalijibiwa papo hapo, mengine yalipotea kama jiwe lililotupwa kisimani. Wauguzi walisema Tusekile amelewa cheo. Mmoja wao, Bi Sekela, alimwuliza mbele ya watu kama siku hizi agizo sharti lipige magoti kwanza. Wengine walinong'ona kwamba marehemu hajaridhia kiti chake kukaliwa.

Katibu alivumilia, mpaka siku ile dada yake, Lugano, aliyelazwa kwa pumu, alipokuwa akitafuta pumzi na dawa haiji. Muuguzi alipokwenda mbio kuifuata, Tusekile alisema hakuona agizo lolote.

Katibu akamwita.

"Dada yangu amechungulia kaburi, nawe unasema hukuona?"

"Sikuona, Mzee. Ningeona, ningeleta dawa kwa mkono wangu."

"Kusanya vitu vyako."

Tusekile hakulia. Aliomba jambo moja tu: aitwe fundi aupime mtandao kwanza, naye akionekana na kosa ataondoka bila kuaga. Katibu alikubali, kwa sababu hakuwa na shaka jibu litakuwa lipi.

Fundi huyo, Zuberi Mkwanda, aliketi kwenye kompyuta kuu akaanza kukusanya habari za mtandao. Kila mashine aliiuliza anwani yake na njia inayopitia. Katibu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Mashine ziliitika moja moja. Mara fundi akakunja uso, akauliza tena.

"Mzee, kwenye anwani ya duka la dawa wanaitika wawili."

"Haiwezekani. Mwenye anwani hiyo ni huyu hapa," katibu alisema, akimwonyesha Tusekile.

Fundi aliufuata waya wa pili ukutani, akapita nao ukumbini, mpaka akasimama kwenye mlango uliofungwa kitambaa cheusi.

Katibu akaja nyuma yake. "Mwenye chumba hiki tulimzika."

"Pole, Mzee. Lakini mashine yake bado inaitika."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa katibu mwenyewe. Akautoa, akafungua. Mlango ulipofunguka, waliona koti jeupe la marehemu kitini, miwani yake mezani, na taa ndogo ya kompyuta ikiwaka. Hakuna aliyeizima siku ile alipoanguka, na baada ya hapo wote walitii amri.

Fundi aligusa kitufe, kioo kikaangaza. Maagizo yote yaliyopotea yalikuwa pale, yakimngoja mtu aliye kaburini. La juu kabisa lilisomeka: Lugano Yohana Mwambungu, dawa ya pumu, haraka.

Kwa amri ya mtu mmoja mashine mbili zilikuwa na anwani moja, agizo likienda mara kwa hii, mara kwa ile, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akimfukuza mwenzake.

"Mwanangu," katibu alianza, akimgeukia Tusekile.

Tusekile alimtazama, kisha akaitazama kompyuta.

"Tuizime, Mzee," alisema taratibu. "Naye apumzike."

Funzo: Usimhukumu mtu kwa kutoitika kabla hujajua wito wako ulifika mlango gani, na ni nani aliyeufunga mlango huo.