Kikuba cha Shemsa

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Huko Pemba, katika mtaa mmoja mdogo, walikuwako wanawake watatu wazee ambao hawakujaaliwa mtoto. Kila mmoja Mungu alimpa chake. Bi Kazija alipewa mkono wa kuotesha. Akichomeka kijiti, kinashika. Bi Mize alipewa pua. Alipofuka angali msichana, lakini ukimsogezea ua atakwambia limechumwa lini na litadumu mpaka saa ngapi. Bi Riziki alipewa vidole. Hakuna aliyejua kutunga kikuba kama yeye, kile kishada cha asumini, rehani na mkadi anachobandikwa bibi harusi kifuani.

Za Kazija nitazieleza zaidi, kwa sababu ndiye ninayemwonea huruma, wala sifichi.

Mumewe alipokufa alimwachia nyumba ya vyumba viwili na mwasumini uani, alioupanda wiki waliyooana. Watu walikuja kuomba maua, wakapewa, wakenda zao. Wakamzoea kwa jina la Bi Asumini, mpaka wakubwa kwa wadogo wakasahau aliitwaje. Siku ilikucha ikachwa asisikie mtu akitamka "Kazija". Jioni moja alijiita mwenyewe, akajiitikia, kisha akaona haya akaingia ndani.

Basi mwaka mmoja mvua za vuli hazikunyesha. Asumini zikaadimika mji mzima, na madukani wakawa wanauza maua ya plastiki. Mwaka huohuo akaposwa Shemsa, binti aliyefiwa na mama yake. Shangazi yake, Bi Zuwena, akamletea kikuba cha plastiki akione. Shemsa akakisukuma kando.

"Mama aliolewa na kikuba cha asumini," akasema. "Nikivishwa kama kile cha mama, mwenye kazi hiyo nitampa jina. Binti yangu wa kwanza ataitwa kama yeye."

Watu wakacheka, maana maharusi husema mengi. Wale wazee watatu hawakucheka.

Kazija akarudi kwake akautazama mwasumini. Mfereji ulitoa maji siku moja, ukakauka mbili, na ndoo yake moja ilimtosha kunywa na kupika tu. Akachukua kibao chake cha kutawadhia, akakiweka shinani. Tangu siku hiyo alitawadha hapo mara tano kwa siku, maji yakipita mikononi na miguuni yanaangukia mizizi. Siku ya harusi, alasiri, matumba yamejaa wala hayajafunguka, akayachuma yote. Ya juu hakuyafikia. Akalivuta tawi ambalo mumewe alilifunga kamba kwa mkono wake, likavunjika. Akalichuma hilo nalo. Nyumba yote ilikuwa inanukia, kisha wakaja kuchukua sinia, ikaacha kunukia.

Sasa sikilizeni upuuzi wa kupenda kusaidia. Sinia ilipofika nyumba ya harusi, Bi Zuwena akachukua mrashi akayanyunyizia marashi ya waridi, ati yazidi kunukia. Na tumba la asumini likipata marashi kabla halijafunguka, kabla ya isha limeshakuwa kahawia. Alipokumbuka, akaifunika sinia kwa kanga.

Bi Mize akaongozwa mpaka penye sinia, akainama.

"Nani ameyatia marashi?"

Mize alikuwa ameshaisikia harufu ile kwenye mkono wa mtu aliyesimama karibu naye. Na Zuwena ndiye pekee aliyekuwa akija kumtembelea, kila Ijumaa, akae naye mpaka magharibi. Angeweza kusema maua yameharibika tu, hajui vipi. Ila alihitaji kujua mkono ulipita wapi na wapi.

"Zuwena, ni wewe. Niambie ulianzia upande gani."

Zuwena akaeleza mbele ya watu wote. Mize akayanusa moja moja, zaidi ya nusu akayatupa. Zuwena hajakanyaga tena mlangoni kwake.

Zikabaki konzi mbili. Kwa kikuba cha bibi harusi hazitoshi, hata mimi nisiyejua kutunga najua. Bi Riziki alikuwa na baridi yabisi, mwaka wa pili hajashika sindano. Akaishika. Kila tumba akaligeuza uso nje, katikati akaficha majani ya rehani, nyuma akapanga mkadi, na zile konzi mbili zikaonekana nne. Alipomaliza vidole vilikuwa vimevimba havikunjiki. Tangu siku ile hula kwa mkono wa kushoto, na kwa haya hula peke yake, mlango umefungwa.

Shemsa alivishwa kikuba, akakiinamia, akalia. "Ndicho," akasema.

Mwaka ukageuka, Shemsa akajifungua binti. Daktari akamwambia asibebe mimba tena. Siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, wazee watatu wakafika, kila mmoja na kanga yake mpya.

"Mngemvisha mwali maua yaliyooza, kama si pua yangu," akasema Bi Mize.

"Maua yaliyo kwenye sinia hayaitwi kikuba," akasema Bi Riziki.

Kazija alikuwa amejiandalia maneno njia nzima: ukame, kibao, lile tawi, na mwasumini ambao tangu siku ile haujatoa tumba, wala mtu hapiti tena kwake. Yote yakampotea.

"Mimi nataka nilisikie likiitwa," akasema. "Barabarani hivi. Njoo ule. Njoo uoge. Basi."

Wenzake wakainamisha nyuso. Mmoja mtaani huitwa Kipofu, wa pili huitwa Fundi, na wote wawili walikuwa wamefuata hilohilo.

Msiniambie apewe majina yote matatu. Mtoto akicheza nje haitwi kwa majina matatu. Wala msiniambie kura, kwa kuwa Shemsa hakuahidi bahati, aliahidi haki. Na yeye mwenyewe amemweka mtoto mapajani, anawatazama mmoja mmoja.

Mtoto anaanza kulia, anataka kubembelezwa. Wazee watatu wametega masikio. Haya, nyinyi mlioketi hapa, mwiteni: mnamwita nani?