Kindi Aufungulisha Mtungi Wake

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakiajiriwa na kulipwa, Kindi alikuwa akisaga mtama kwenye kinu cha Tembo. Kila siku ya mshahara kibaba kimoja cha mtama kilikatwa na kutiwa kwenye mtungi wenye alama yake. Hiyo ndiyo akiba yake ya uzeeni. Kila mfanyakazi alikuwa na mtungi wake, na mitungi yote ilitunzwa na Fisi ghalani. Msiniulize nani alimpa Fisi kazi hiyo.

Masika moja upepo uliezua paa la Kindi. Watoto wake watatu wakalala kwenye maji, na kitinda mimba akaanza kukohoa. Sheria ya kinu ilisema wazi: mwenye shida anaruhusiwa kukopa nusu ya akiba yake, kisha airudishe kidogo kidogo. Kindi akaenda ghalani.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Nimekuja kukopa akiba yangu. Watoto wananyeshewa."

"Marahaba. Rudi nyumbani. Akiba ni ya uzeeni, na wewe bado una meno yote."

"Lakini sheria..."

"Sheria naijua mimi. Ninyi wadogo mkipewa mtama mnaumaliza kwenye ngoma."

Hasira zikampanda Kindi mpaka mkiani. Miaka saba anasaga, leo anaitwa mcheza ngoma! Akauegemea mtungi wake asije akatukana, ukucha ukaugonga. Ngooo! Mtungi uliojaa hautoi sauti hiyo.

Kwenda kushtaki kungekuwa kazi bure, maana Tembo alimwamini Fisi kuliko masikio yake mwenyewe. Kindi akajitia ujinga.

"Basi nisamehe, Bwana. Kumbe heri niongeze. Mjomba wangu amefariki, kaniachia magunia kumi ya mtama. Kesho asubuhi nikuletee uniwekee?"

Fisi akameza mate, gudu! "Magunia kumi? Pole sana kwa msiba, dada yangu."

"Ila desturi yetu unaijua. Anayeongeza akiba, mtungi wake hufunguliwa kwanza mbele ya wenzake wote."

Fisi alipobaki peke yake akakuna kichwa. Mtungi mtupu ungemuumbua, na magunia kumi yangempita. Basi akachota mtama wa nyumbani kwake, akabeba, akarudi, akabeba tena, mkewe akimlalamikia, mpaka mtungi ukajaa pomoni.

Asubuhi wafanyakazi wote wakakusanyika, Tembo akiwapo. Kifuniko kikaondolewa. Kindi akatoa kikapu chake.

"Ahsante kwa kunitunzia. Ninyi nyote ni mashahidi: nakopa nusu, kama sheria inavyosema." Akaanza kuchota, chwa, chwa, chwa.

"Na magunia kumi?" Fisi akanong'ona.

"Sina hata moja. Wala mjomba sina."

"Mwizi wewe! Mtama huo nimeutoa nyumbani kwangu jana..." Fisi akajiziba mdomo, lakini wote walikwisha kusikia.

Kindi hakuacha kuchota. "Nyumbani kwako, Bwana Fisi? Na wangu ulikwenda wapi?"

Punda akasogea mbele, akasema, "Lete na mtungi wangu." Nyani naye akautaka wake. Fisi akamtazama Tembo, akaona masikio yamesimama, akatimua mbio, tifu tifu tifu, mpaka porini.

Siku hiyohiyo Kindi akaezeka paa, na mkopo wake akaulipa kibaba baada ya kibaba.

Nami naishia hapa, wanangu, na funzo ni hili: jasho lako ni lako, usione haya kulidai.