Gurudumu Haliulizwi Dukani

"Gurudumu haliulizwi dukani, huulizwa sakafuni."

Mmeisikia leo kwa mwalimu wenu, mkacheka, mkadhani ni mzaha wa mafundi. Sasa mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, sogezeni hayo mabenchi. Na wewe toa mkono kwenye jiliwa, utabanwa. Methali hii hatukuachiwa na wahenga. Ilianza hapa hapa Rungwe, katika karakana hii hii, ninyi mkiwa bado mnabebwa mgongoni, na ilianza hivi.

Palikuwa na msichana wa kidato cha tatu aitwaye Subilaga. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na mambo mengi alijifunza mwenyewe kwa kufungua redio mbovu na kuzifunga tena. Hakuwa mwepesi wa kusema ndiyo, wala hakuwa mwepesi wa kusema hapana. Ukimuuliza jambo, alitoa daftari lake na kukwambia, "Ngoja nipime." Wenzake walimbandika jina hilo hilo. "Ngoja Nipime, umeoga leo?" "Ngoja Nipime, chai imeiva?" Naye hutabasamu tu, kisha huenda kweli kuitazama chai.

Mwaka huo chama cha roboti kilikuwa na hofu. Mwaka uliotangulia roboti yao ilikwama raundi ya kwanza, ikazunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa. Mahindi ya shule nayo yalikuwa yakinyeshewa, na mnaijua mvua ya huku. Mkuu wa shule akawaita akasema bila ukali, "Wanangu, mwaka huu roboti yenu ikimaliza raundi zake zote, mtabaki na karakana yenu. Isipomaliza, nitaigeuza ghala." Subilaga hakulala vizuri wiki ile. Kwao hapakuwa na umeme, na vifaa vyote alivyopata kuvishika maishani vilikuwa ndani ya chumba hiki. Karakana ikifungwa, atapimia wapi?

Kazi yenyewe ya mashindano ilikuwa rahisi kuieleza. Roboti isukume masanduku sita ya mbao yenye mchanga, moja baada ya jingine, kutoka upande mmoja wa ukumbi wa shule ya Kisyanga mpaka ng'ambo ya mstari mweupe, kwa dakika tatu. Raundi zilikuwa nne. Swali lililowagawa lilikuwa la miguu. Katika chama, magurudumu na minyororo na mota za kuvizungusha vyote waliviita kwa jina hilo moja, miguu. Roboti hii ipewe miguu gani?

Kiongozi wa chama alikuwa Ambakisye, kijana mchangamfu, mwenye mikono hodari na mdomo usiochoka. Yeye alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amekwenda Mbeya kwa mjomba wake, akaingia dukani na kuuliza gurudumu lililo bora, akapewa manne. Yalikuwa ya ajabu kweli. Kila gurudumu lilizungukwa na vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu vilivyolala mshazari, na kwa hayo roboti iliweza kwenda upande kama kaa bila kugeuka. Waliyaita magurudumu ya kaa.

"Haya ndiyo mwisho wa maneno," Ambakisye alisema akiyapanga mezani. "Muuzaji kaniambia mwenyewe, hayana mpinzani."

"Yana mpinzani gani kwenye sakafu ya Kisyanga?" Subilaga aliuliza.

"Sakafu ni sakafu, dada."

"Mimi sijaiona."

"Sasa unataka kwenda kusalimia saruji?"

Karakana nzima ilicheka. Subilaga alingoja kicheko kiishe. "Mama akitaka kuninunulia viatu," alisema taratibu, "huniuliza kwanza nitapita njia gani. Ya matope hunipa mabuti, ya lami hunipa raba. Hajawahi kuanza na kiatu."

Walipiga kura hata hivyo, na magurudumu ya kaa yakashinda. Subilaga alishika bisibisi na kusaidia kuyafunga, akiyafunga vizuri kuliko waliokuwa wameyapigia kura. Roboti ilipowashwa juu ya saruji ya humu ndani, ilikwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia, ikayasukuma masanduku kama mchezo. Vijana walipiga vigelegele. Hata Subilaga alifurahi, akaandika daftarini: *Humu ndani, safi kabisa.* Lakini alipigia mstari maneno mawili ya kwanza.

Jumamosi aliomba ruhusa kwa mwalimu aende Kisyanga. Alifungua magurudumu ya kaa, akachukua na manne ya kawaida ya mpira mgumu, kigari kidogo cha mbao, tofali moja, na mizani ya springi ya maabara, ile inayopima nguvu ya kuvuta.

"Ukipoteza kigurudumu hata kimoja," Ambakisye alimwambia, "usirudi."

Ukumbi wa Kisyanga ulikuwa mtupu. Sakafu yake ilikuwa ya saruji ya kijivu, kavu, yenye mikwaruzo, ndugu kabisa wa sakafu ya nyumbani. Subilaga aliyafunga magurudumu ya kaa kwenye kigari yasizunguke, akaweka tofali juu, akavuta kwa mizani mpaka kigari kikateleza. Akaandika. Akarudia mara kumi. Akabadili magurudumu, akavuta mara kumi nyingine. Yote yaling'ang'ania vizuri. Aliandika chini: *Ambakisye yuko sahihi.* Neno hilo halikumpa taabu kuliandika. Alianza kukusanya vitu vyake.

Ndipo alipotokea mama mmoja mwenye ndoo na ufagio. Alikuwa Mama Sekela, mtunza ukumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unavuta tofali kwenye ukumbi wangu kwa kosa gani?"

Subilaga alimweleza. Mama Sekela alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akaweka ndoo chini.

"Sakafu hii unayoipima, mwanangu, si ile mtakayoikuta. Hii ni ya siku za kazi. Unadhani wageni wa shule kumi na mbili tutawakaribisha kwenye vumbi hili? Siku mbili kabla tunapiga deki. Kisha tunapiga polishi nyekundu, mikono mitatu. Kisha wasichana wa bweni wanajifunga mablanketi kuukuu miguuni na kucheza ngoma juu yake, mpaka ukiinama unahesabu meno yako."

Subilaga aliliweka tofali chini tena. Na shuleni kwao ilikuwa hivyo hivyo. Kila shule aliyoijua huku iling'arisha sakafu kwa ajili ya mgeni. Ilikuwa ni heshima, jambo la kawaida mno, na labda ndiyo maana hakuna aliyelifikiria walipokuwa wakibishana juu ya magurudumu.

"Mama, naomba unisaidie. Tupige polishi kipande kidogo tu, pale pembeni. Nitasugua mwenyewe."

"Na utaufagia ukumbi wote?"

"Nitaufagia."

Walipiga magoti wote wawili. Kipande kilipokauka na kung'aa, Subilaga alikiweka kigari juu yake na kuvuta. Magurudumu ya kaa yaliteleza kabla mizani haijafika hata nusu ya namba ya mwanzo. Ya mpira mgumu yalifanya nafuu kidogo, ila si ya kusukuma mchanga. Alikaa chini akaitazama sakafu. Kisha akaona kwamba Mama Sekela alikuwa akipita juu ya kile kipande na ndoo iliyojaa maji, huku na huku, kama mtu anayepita uani kwake.

"Mama, wewe huanguki?"

"Wenzangu huanguka. Mimi ndala zangu nimezigongea mpira wa tyubu ya baiskeli chini. Mpira laini haugombani na polishi. Ila uufute mara kwa mara, ukishika vumbi ni sabuni."

Alivua ndala moja akampa. Subilaga aliifunga chini ya kigari kwa kamba, akavuta, akasoma mizani, akavuta tena kwa sababu hakuamini. Kisha akalikata lile neno alilokuwa ameliandika juu ya Ambakisye, kwa mstari mmoja mwembamba ili liendelee kusomeka, akaandika namba mpya.

Alirudi karakana jioni, magoti ya sketi yakiwa mekundu.

"Dada, ulikwenda kupima au kupiga deki?" Ambakisye aliuliza, na wengine wakaangua kicheko.

"Vyote." Alitoa mfukoni kikopo alichopewa na Mama Sekela. "Zimebaki siku tisa. Naomba uniruhusu nipake polishi pale katikati."

"Ili iweje?"

"Nikikwambia mimi, tutabishana. Acha sakafu ikwambie."

Alipaka, akasugua kwa sweta lake. Polishi ilipokauka waliyarudisha magurudumu ya kaa, wakaweka sanduku mbele, na Ambakisye mwenyewe akaiwasha roboti. Ilikwenda vizuri hadi kwenye wekundu. Hapo magurudumu yalizunguka kwa kasi na roboti ikabaki palepale, ikitikisa mkia kidogo kushoto na kulia. Sanduku halikusogea hata kidole.

"Inaogelea," mmoja alinong'ona.

Hakuna aliyecheka. Ambakisye aliizima. Alikuwa ametumia wiki tatu kwenye miguu ile, na uso wake ulionyesha kila siku ya hizo wiki tatu.

"Huenda betri imechoka," alisema.

"Huenda," Subilaga alijibu. "Ngoja tupime."

Walibadili betri. Ikaogelea tena.

Subilaga alichuchumaa kando ya kiongozi wake. "Magurudumu yako si mabaya, Ambakisye. Nimeyapima mara kumi kwenye saruji kavu, yamefaulu. Soma mwenyewe, nimeandika. Yana sakafu yake. Hii ya Kisyanga siyo."

Ambakisye alisoma ukurasa ule mpaka chini, pamoja na mstari uliokatwa. "Uliandika niko sahihi?"

"Ulikuwa sahihi mpaka saa sita mchana."

Kijana alicheka bila kutaka. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe spana."

Kwa siku tisa walijenga upya. Waliweka magurudumu manne ya kawaida, wakayavisha mpira wa tyubu kwa gundi, na wakayaunganisha kwa mnyororo wa baiskeli ili mota zote zisukume magurudumu yote. Betri nzito waliihamishia katikati ili kila gurudumu likanyage sawasawa. Roboti haikuweza tena kwenda upande, na kugeuka kwake kulikuwa kwa ng'ombe aliyeshiba.

Siku ya mashindano ukumbi uling'aa kama kioo. Walipoiingiza roboti yao, vijana wa shule nyingine walipiga kelele, "Mkokoteni umefika! Leteni viazi tupakie!" Shule nyingi zilikuwa na magurudumu ya kaa. Raundi ya kwanza zikaogelea, moja baada ya nyingine, mota zikilia na masanduku yakizitazama. Mkokoteni uliingia, ukasukuma sanduku la kwanza, ukageuka taratibu, ukarudi kufuata la pili. Subilaga alihesabu kwa midomo. La sita lilivuka mstari zikiwa zimebaki sekunde nne. Ambakisye alikuwa na kitambaa chenye maji mkononi, na baada ya kila raundi alifuta magurudumu kama mama anayefuta mtoto miguu.

Baada ya raundi ya pili, kiongozi wa shule moja alielekea mlangoni kwa hasira. "Nani kapaka mafuta sakafu hii? Haya magurudumu ndiyo bora kuliko yote! Tuliuliza duka kubwa kabisa!"

Mama Sekela alikuwa ameegemea mlango na ufagio wake. "Mwanangu," alisema, "gurudumu haliulizwi dukani. Huulizwa sakafuni."

Ukumbi ulicheka, lakini Ambakisye hakucheka. Alimsogelea yule kijana. "Mna magurudumu ya kawaida ya akiba?"

"Tunayo."

"Yalete. Nina tyubu imebaki."

Wakakata, wakapaka gundi, wakavisha. Roboti ya shule ile ilikuwa nyepesi na yenye mota nzuri. Raundi ya tatu ilimaliza mapema kuliko Mkokoteni. Ya nne pia. Nafasi zilipangwa kwa raundi ya haraka kuliko zote za kila shule, na matokeo yaliposomwa, shule ile ilikuwa ya pili na watoto wetu wa tatu.

"Umewavisha viatu," Subilaga alimwambia, "wametupita."

"Tumemaliza zote nne?"

"Zote nne."

"Basi mahindi yatafute kwingine pa kulala."

Yakatafuta. Wazazi walijenga ghala nyuma ya jiko, mnaliona hapo dirishani. Magurudumu ya kaa hawakuyatupa. Yametundikwa kwenye msumari nyuma yenu, na karatasi ya Subilaga bado imening'inia: *Mazuri. Sakafu kavu tu.* Miaka miwili baadaye mashindano yalifanyika juu ya saruji tupu, yakateremshwa, yakashinda.

Sasa ninyi mlikuwa mkibishana tangu asubuhi, huyu anataka minyororo kama ya katapila, yule anataka magurudumu sita, na orodha ya duka mmeshaifungua mezani. Sikatai lolote kati ya hayo. Sijui, na ninyi hamjui. Mnasema mwaka huu mtashindana katika ukumbi gani? Ule mpya wa halmashauri?

Naona mmoja wenu ameshafunga orodha. Unasemaje, binti? Sema kwa sauti wenzako wakusikie.

"Nauliza, nani anamjua mtu anayefagia ule ukumbi?"

Ehee. Nendeni mkamwamkie vizuri. Gurudumu haliulizwi dukani, huulizwa sakafuni.