Ngiri Aliyeshinda Kila Mnada

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika vizuri. Kuna mtu hapo nyuma ana simu mkononi, naona uso wake unang'aa kama sahani. Iweke chini. Mimi sisimulii huku mtu anabofya. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Hapo zamani za kale, za kale hasa, wanyama wote walikuwa na simu. Msicheke. Tembo alikuwa na simu kubwa kama mlango. Panya alikuwa na simu ndogo, akiitia mfukoni anaitafuta mpaka jioni. Na palikuwa na Ngiri mmoja, huyu ndiye mwenye hadithi yetu. Bwana Ngiri akitaka mtandao ilimbidi ausimamishe mkia juu, wima kabisa. Mkia ukishuka, simu yake inakuwa kopo tu.

Ngiri alikuwa na mke, jina lake Mwanamvua, na watoto wengi wasioshiba. Shimoni mwao mlikuwa na gunia la karanga za mbegu, wakisubiri mvua wazipande. Gunia lenyewe lilikuwa limetoboka. Mwanamvua alikosa kiraka, akakata mguu mmoja wa suruali ya mumewe, akaliziba tundu. Tangu siku hiyo Ngiri alitembea na suruali ya mguu mmoja, na wala hakuona haya.

Basi, mnada wa wanyama ulikuwa mikononi mwa Kasuku, dalali. Hakumwita mtu uwanjani. Alipiga picha ya mali, akairusha kwenye simu za wote, na chini ya picha akaweka saa inayohesabu kurudi nyuma. Wewe unaweka dau, mwenzako anapanda juu yako, unampanda naye, mpaka saa iishe. Wa mwisho kuweka dau ndiye mshindi. Kasuku alikuwa na sheria mbili tu. Ukishinda lazima ulipe. Na mwenye mali, yaani anayeuza, hatajwi mpaka mali yake imelipiwa.

Siku moja Kasuku akanadi jembe. Jembe jipya, mpini wa mninga! Mwanamvua akasema, "Mume wangu, toa kibaba kimoja cha karanga tulipate. Mbegu haziingii ardhini zenyewe."

Ngiri akasimamisha mkia, akaweka dau asubuhi na mapema. Akakaa palepale. Hakunywa maji, hakujikuna. Kumbe Nungunungu naye alilitaka jembe lile, ila alikuwa amelala kutwa, hana habari na mtu. Saa ilipokaribia kuisha, Nungunungu akafumbua jicho, akanyoosha mwiba mmoja, akabofya. Ti! Kibaba kimoja na karanga moja juu yake. Mnada ukafungwa.

"Umeniibia!" Ngiri akapiga kelele.

"Sijakuibia," akasema Nungunungu. "Nimekuwahi."

Ngiri aliumia. Aliumia kidogo kwa ajili ya jembe, na sana kwa kushindwa. Akaenda mbio kwa Nyani, fundi simu.

"Fundi, nimechoka kuwahiwa."

"Kidole chako kizito, Bwana Ngiri."

"Sina kidole. Nina kwato."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema Nyani. Akatoa programu moja inaitwa Chupuchupu, akamtilia kwenye simu. "Hii haina papara. Inajificha, inanyamaza, utadhani imekufa. Ikibaki sekunde moja, chupu! Inaweka dau juu ya wote. Hakuna mwiba utakaoiwahi. Wewe iambie unataka nini, na mwisho wa dau lako uwe wapi."

"Nataka kushinda," akasema Ngiri. "Na mwisho sina."

Nyani akamtazama. Akataka kumwonya. Kisha akakumbuka kwamba bado hajalipwa, akafunga mdomo.

Kesho yake Kasuku akanadi mfuniko wa birika. Birika lenyewe halipo, mfuniko tu. Ngiri hakutazama hata picha, macho yake yalikuwa kwenye saa. Ikabaki sekunde moja. Chupu! Chupu! Chupuuu! Simu ikapaza sauti: "Umeshinda!"

Ninyi nanyi nisaidieni. Nikisema chupu, semeni umeshinda. Ninaona wengine mmeanza kusinzia.

Ngiri akarukaruka. "Nimewabwaga, mke wangu!"

"Umembwaga nani?"

"Wote!"

"Nani mwingine aliutaka mfuniko usio na birika?"

Hakuna. Alikuwa peke yake mnadani. Lakini Chupuchupu haina akili ya kuuliza. Iliambiwa mwisho hakuna, ikatupa pishi nzima ya karanga, vibaba vinne. Mwanamvua akasema, "Mume wangu, hizo karanga ni za mbegu."

"Mke wangu," akasema Ngiri, "hujui utamu wa kushinda."

Siku iliyofuata ukanadiwa mwavuli wa mbavu tupu, kitambaa kilishaliwa na mchwa. Chupu!

Umeshinda!

"Mume wangu, hizo karanga ni za mbegu. Mvua ikija tutapanda mwavuli?"

"Mke wangu, hujui utamu wa kushinda."

Siku iliyofuata kikanadiwa kiatu cha Mbuni. Kimoja. Cha kushoto. Chupu!

Umeshinda!

"Mume wangu, hizo karanga ni za mbegu!" Safari hii Mwanamvua alikuwa analia. "Watoto hawa watakula nini mwaka mzima? Watakula kiatu?"

Ngiri hakusikia. Alikuwa amekivaa kile kiatu kichwani, akiwauliza watoto kama kinampendeza. Watoto wakasema kinampendeza. Watoto hao walikuwa waongo, kama ninyi.

Mwanamvua akakaa nje, akalia mpaka akachoka kulia, kisha akakasirika, na hasira ikampa akili. Akaingia ndani Ngiri amelala, akatwaa mfuniko wa birika kwenye rundo, akaubeba hadi kwa Kasuku.

"Dalali, ninadie huu."

Kasuku akaugeuza huku na huku. "Bi Mwanamvua, huu si niliuuza juzi?"

"Uuze tena."

"Nani ataununua?"

"Wewe piga picha."

Kasuku akapiga picha, akaandika: Mfuniko wa kisasa, unafunika chochote. Ikabaki sekunde moja. Chupu!

Umeshinda!

Ngiri akalipa pishi yake, akaupokea mfuniko wake, na bila kungoja mwenye mali atajwe, kama kawaida yake, akaupeleka kwenye rundo lake. "Mke wangu, nimepata wa pili! Sasa ni jozi!" Kasuku naye akachukua ujira wake, konzi moja ya karanga, zilizobaki akampa Mwanamvua. Mwanamvua akaenda kuzificha kwenye shimo la zamani la Muhanga, mahali ambapo mumewe alikuwa hafiki kwa sababu hakuna mtandao.

Siku nyingine akauuza mwavuli. Ngiri akaununua. Siku nyingine akakiuza kiatu. Ngiri akakinunua. Akarudia mfuniko, akarudia mwavuli, akarudia kiatu. Kila siku Ngiri alitoka na karanga, akarudi na mali, anapiga mluzi.

Jioni moja akasimama mbele ya rundo, akajikuna kisogo. "Mke wangu, ajabu. Nanunua kila siku, na rundo halikui."

"Labda vinazeeka," akasema Mwanamvua. "Vitu vikizeeka hunywea."

"Kweli," akasema Ngiri, "hata babu alinywea."

Haya, mambo yakaenda hivyo hadi gunia likabaki tupu. Siku hiyohiyo, wanangu, mawingu meusi yakatanda. Upepo ukaja na harufu ya udongo. Kila mnyama akatoka na mbegu zake. Watoto wa Ngiri wakamzunguka baba yao, "Baba, tunapanda nini? Baba, tunapanda nini? Baba, tunapanda nini?" Ngiri akatia kichwa ndani ya gunia. Akakitoa. Akakitia tena, kana kwamba karanga zilitoka kidogo na zingerudi. Hapo ndipo alipoogopa. Moyo ulimdunda mpaka suruali ikamcheza.

Wakati huo Mwanamvua alikuwa kwa Kasuku. Alikuwa amekwenda na gunia jingine, dogo kuliko lile, limejaa karanga za mbegu alizozificha. Kile kiraka cha suruali alikuwa amekibandua kwenye gunia la zamani, akakishona kwenye hili.

"Ninadie hizi, dalali. Bei sitaki karanga. Nataka simu. Mwenye kutoa simu iliyo bora kuliko za wenzake, azichukue."

Kasuku akashtuka. "Je, akizichukua mwingine?"

"Nimechoka, dalali. Nataka kujua anachagua nini. Atakayezipata hizi, mimi na watoto wangu tutakwenda kulima naye. Awe mume wangu au awe nani."

Kasuku akarusha picha. Wanyama wakaiona. Karanga nzuri, nene, na mvua iko mlangoni! Kila mmoja akazitamani. Kisha wakasoma bei. Tembo akaikumbatia simu yake, akasema yeye hata hapendi karanga. Panya alikuwa tayari kutoa yake, ila hakuiona. Nungunungu peke yake ndiye aliyefikiri. Alikuwa na jembe jipya na hakuwa na cha kupanda. Akaweka dau simu yake ya tochi, isiyo na mfuniko wa nyuma, betri imefungwa kwa ugwe.

Kasuku akapaza sauti kwenye simu zote, "Mara ya kwanza!"

Ngiri akaishika simu yake kwa kwato mbili. "Chupuchupu, chukua zile karanga!"

Chupuchupu ikamjibu: "Samahani. Chupuchupu haiwezi kujitoa yenyewe. Bofya wewe."

"Mara ya pili!"

Ngiri akaitazama simu. Akaona minada yote aliyoshinda imepangwa humo, umeshinda, umeshinda, umeshinda. Akatazama watoto. Mdogo kuliko wote alikuwa anatafuna kiatu cha Mbuni, na hakuwa akicheza, alikuwa na njaa. Saa ilikuwa inakwisha. Kule kwa Kasuku, nyuma ya kichaka alikojificha, Mwanamvua alikuwa amefumba macho, maana mwanamke yule alimpenda mume wake, sijui kwa nini.

Kasuku akavuta pumzi. "Mara ya ta..."

Ngiri akainua kwato, ile nzito, akaishusha kwa nguvu zake zote. Ti!

Nungunungu alikuwa ameshanyoosha miiba yake apokee mali. Akaitazama simu yake. "Umeniibia!"

"Sijakuibia," Ngiri akasema huku anahema. "Nimekuwahi."

Akakimbia hadi kwa Kasuku, watoto nyuma yake, akaikabidhi simu. Kasuku akamsogezea gunia. Ngiri akalikumbatia. Kisha akakiona kiraka. Akakitazama kiraka, akaitazama suruali yake ya mguu mmoja, akakitazama tena kiraka. Bado hakuelewa, si mnamjua. Ikabidi Kasuku atimize sheria: mali imelipiwa, sasa mwenye mali atajwe.

"Mwenye mali," akasema Kasuku, "Bi Mwanamvua, mke wa Ngiri."

Mwanamvua akatoka kichakani.

"Hizi ni zile zangu?" Ngiri akauliza.

"Ni zile zetu."

"Na mfuniko wa pili?"

"Ulikuwa mmoja."

"Na mwavuli?"

"Mmoja."

"Na kiatu?"

"Mume wangu, ulinunua kiatu kimoja mpaka dalali akanenepa."

Hapo Ngiri akaelewa. Akaanguka magoti, pu! pua ikagusa ardhi. "Mke wangu, nisamehe! Nilikuwa mjinga. Nisamehe! Nilikuwa mjinga. Nisamehe! Sitainuka hapa mpaka unisamehe."

Tone la kwanza la mvua likamdondokea kisogoni. Mwanamvua akatazama juu, akatazama gunia, akamtazama mumewe aliyepiga magoti mavumbini.

"Jembe tunalo?" akauliza.

"Hatuna. Alilichukua Nungunungu."

"Basi usiinuke," akasema Mwanamvua. "Maadamu uko huko chini, anza kuchimba."

Ngiri akatambaa kwa magoti hadi shambani, akachimba kwa pua, akachimba kwa pembe za mdomoni, magoti yakiwa chini vilevile. Yeye anachimba, Mwanamvua anadondosha karanga, watoto wanafukia nyuma. Walipanda shamba zima kabla mvua haijakatika. Mwaka ule walikula karanga za kuchemsha, walikula karanga za kukaanga, walikula karanga mpaka wakazichoka.

Simu ilikuwa mali ya Mwanamvua, naye akamwachia Kasuku iwe ujira wake wa mwisho. Ndiyo maana kasuku hupayuka peke yake kutwa nzima, mkimsikiliza vizuri mtaisikia ile "umeshinda!" Na ngiri mpaka leo, mkimkuta porini anachimba chakula, mtamwona amepiga magoti. Mkewe alimsamehe zamani sana, ila alisahau kumwambia ainuke.

Lakini mkimshtua akikimbia, tazameni nyuma yake. Mkia juu, wima kabisa. Bado anatafuta mtandao.

Hadithi yangu imechoka, imekaa hapo hapo chini. Na wewe wa nyuma, karanga zinapita, nyoosha mkono. Mkono mtupu, nimesema, ulioacha simu.