Mkono wa Gauni la Bibi Harusi

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Anayejiona mwerevu kupita kiasi huenda mbali kutafuta kitu kilicho chini ya pua yake. Kasuku wa fundi cherehani aliyajua hayo asubuhi moja, na nusura yamgharimu rafiki.

Kasuku huyo alijipa cheo cha Inspekta. Msaidizi wake alikuwa Bata, mnene, mfupi, mwenye mwendo wa kuyumbayumba. Mmoja alikuwa domo kaya, mwingine msema machache, lakini hawakuachana.

Siku hiyo fundi alipiga yowe. Mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi haukuonekana, na mwenyewe angekuja kulichukua saa sita! Alitafuta mezani, kapuni na uvunguni mwa cherehani. Wapi!

"Kazi hii ni ya wenye vichwa," Kasuku alijitapa. Akaanza kuchunguza vumbi la chaki sakafuni, akizihesabu nyayo moja moja. Bata aliyekuwa nyuma yake aliinua shingo, akamtazama fundi akipita.

"Kaka, mimi naona..."

"Wewe huoni, dada, unatazama tu. Kuona ni elimu. Hebu nyamaza!"

Kasuku akapiga hesabu zake: nyayo zenye chaki zilielekea kwenye gunia alilolalia Mbwa wa fundi, na Mbwa hupenda kulalia vitambaa, basi mwizi ni Mbwa. Kwa kuwa ni yeye pekee aliyejua lugha ya watu, alirukia bega la fundi akatangaza, "Mbwa! Mbwa kachukua!"

Fundi hakuuliza mara mbili. Alimfunga kamba Mbwa, mzee wa watu aliyebakiwa na meno matatu.

"Nimekulea miaka yote hii, leo unanitia aibu! Muuza kuni akipita, aende nawe."

Mbwa alimtazama Kasuku tu, kama anayemsubiri aseme neno jingine. Kasuku akakumbuka kwamba Mbwa huyo ndiye aliyemwokoa na paka alipokuwa kinda. Nje, muuza kuni alikuwa tayari anapiga hodi. Kasuku akashuka upesi kando ya Bata.

"Dada, ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kukuuliza, mama fundi ameota mkia lini?"

Kasuku akatazama. Lo! Nyuma ya sketi pana ya fundi ulining'inia mkono mweupe wa gauni. Alipokuwa akiushona mapajani, sindano ilipenya hadi kwenye pindo la nyuma la sketi yake mwenyewe, alilokuwa amelikusanya mapajani. Aliposimama, pindo likarudi nyuma nao mkono ukaenda nalo. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka nao chumba kizima akiutafuta!

Bata hakungoja amri. Aliudaka kwa mdomo, akavuta mpaka nyuzi zikakatika, naye akaanguka chali. Fundi aligeuka, akauona, akashika kichwa. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Alimwambia muuza kuni aende zake, akapiga magoti kumfungua Mbwa.

"Nisamehe, mzee wangu."

Kasuku naye alisogea kichwa chini. "Babu, nimekukosea."

"Kichwa chako kizuri, mjukuu wangu," Mbwa alimjibu, "ila leo kilijaa mno, macho yakakosa nafasi."

Bata akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Kasuku hakuthubutu kumnyamazisha. Ama kweli, akili nyingi huondoa maarifa.